Ua Limetoka, Ua Limekatwa

Mtu akipigwa picha ikawa nzuri, Mswahili haisifu kamera. Humgeukia mwenye sura akamwambia, "Umetoka!" Ikiwa mbaya husema, "Hapa hukutoka." Kitenzi ni kilekile cha jua linalotoka mawinguni, cha kifaranga kinachotoka yaini, cha mgeni aliyetoka mbali. Wapiga picha wa studio wamekitumia miaka na miaka, na ndani yake mna nadharia nzima ya kazi yao: kilichopigwa picha kilikuwa mahali fulani, kimezungukwa na vingine, na picha nzuri ni ile iliyokitoa humo kikatujia mbele ya macho.

Nakipenda kitenzi hiki zaidi kinapotumiwa kwa maua. Ua halijipangi, halitabasamu, halivuti tumbo ndani. Likitoka, limetolewa na nuru, na mahali kamera iliposimama, na hicho kilicho nyuma yake. Siku hizi kuna njia nyingine ya kulitoa, nayo ni kulikata. Kwa kidole kimoja juu ya kioo cha simu, ua la asumini lililokuwa mbele ya ukuta wa matofali linaondolewa hapo na kuwekwa mbele ya bahari, au mbele ya weusi mtupu, au mbele ya rangi laini isiyo na kitu. Ua lililotoka na ua lililokatwa ni vitu viwili, na jicho lililozoea huvitambua haraka. Shida huanza pale mwenye jicho anapotakiwa aseme ameona nini.

Kijana anayepiga picha za maua akiwaonyesha wenzake ili wamwambie ukweli, majibu huwa ni yaleyale: kali, moto, hatari, imetulia. Ni maneno ya upendo, na sina ugomvi na upendo. Lakini "kali" linastahili kusimamishwa kidogo, kwa sababu limebeba mizigo miwili. Mtaani, picha kali ni picha inayopendeza. Katika ufundi, ukali ni jambo linaloweza kuchunguzwa kwa macho: ukingo wa petali umechorwa waziwazi, au umetawanyika? Picha inaweza kuwa kali kwa maana ya kwanza bila kuwa na chembe ya ukali kwa maana ya pili. Kwa hiyo naona heri "kali" tuwaachie washangiliaji, nasi tubaki na nomino yenyewe, ukali, tena tuiulizie mahali. Ukali uko wapi?

Swali hilo lina uzito zaidi kwenye maua kuliko kwenye sura za watu. Mpiga picha akilisogelea ua mpaka taswira yake ndani ya kamera ilingane ukubwa na ua lenyewe, akiwa na kihisi cha milimita 36 kwa 24 na tundu la lenzi likiwa f/8, eneo lenye ukali lina unene wa karibu milimita 1. Milimita 1 tu! Ukali ukikaa kwenye stameni, petali za mbele zinayeyuka. Ukikaa kwenye petali, chavua inabaki vumbi la manjano lisilo na umbo. Anayesema "ukali umeangukia petali ya kushoto, mimi ningeutaka kwenye stameni" amempa mwenzake kitu cha kwenda kufanyia kazi kesho asubuhi. Anayesema "kali" amemsalimu tu.

Kile ambacho kijana yule anakitafuta tumeshakipa jina, na ni jina zuri: mrejesho. Tulikuwa nayo mengine. Maoni yametokana na kuona, na kwa hiyo ni mali ya anayeona. Mtu anaweza kutoa maoni yake akaondoka nayo. Ukosoaji unatafuta kosa, nao hautulii mpaka ulipate. Uhakiki umeshakaa darasani pamoja na riwaya na tamthilia. Mrejesho umejengwa juu ya kurejesha, na kitenzi hicho kinataka kilichotoka kwa mtu kimrudie mwenyewe. Hakuna anayeweza kurejesha asichopokea. Ndiyo maana mrejesho wa kweli huanza kwa kusema kilichomo kwenye picha, kwa maneno ambayo mwenye picha atayatambua, kabla ya kugusa kinachokosekana. Na katika picha za maua, sehemu kubwa ya kilichomo si ua. Ni nyuma yake.

Hapa Kiswahili kina mchezo wake ambao siwezi kuupita. Maua mawili, la shambani na la nyumbani, yameandikwa sawa: ua la mmea huwa maua, na ua wa nyumba, ule uwanja uliozungushiwa ukuta au makuti, huwa nyua. Upatanisho ndio unaotenganisha: ua langu linanukia, ua wangu umefagiwa. Lakini mtu akisema "nyuma ya ua" akanyamaza, sarufi haina la kukusaidia. Na kwa kuwa asumini na mrihani wa nyumba za Pwani mara nyingi hupandwa humohumo uani, nyuma ya ua kuna ua, na mpiga picha analazimika kuyaangalia yote mawili.

Vijana wengi husema bakigraundi, na wanaelewana. Simkatazi mtu. Ila nimevutiwa na maneno matatu ambayo tayari tunayo, ambayo watu huyatumia kana kwamba ni mamoja: nyuma, mandhari, usuli. Hayalingani, na tofauti zake ndizo hasa anazozihitaji mtu anayetoa mrejesho.

Nyuma ni mahali. Haina sifa wala lawama. Chochote kilicho upande wa pili wa ua, kikiwa anga au ndoo ya plastiki, kiko nyuma. Mandhari limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa kutazama, nasi tumelipokea kwa maana ya sura ya mahali inayojaza macho: mandhari ya Kilimanjaro, mandhari ya ufukwe. Baadhi ya programu za simu zimeyaunganisha hayo mawili zikapata mandharinyuma, na ni neno linaloeleweka mara moja. Kasoro yake ni kwamba linaahidi zaidi ya kilichopo. Ukuta uliobanduka chokaa ni nyuma ya picha. Nani angeuita mandhari?

Usuli ndilo neno ninalolipigania. Nalo ni la Kiarabu, kutoka jina la mizizi na asili, na wanafunzi wa vyuo wanalijua vyema kwa sababu tasnifu nyingi hufungua kwa "usuli wa tatizo". Anayeita kilicho nyuma ya ua usuli wake amesema, labda bila kukusudia, kwamba ndiko lilikotoka. Na mara nyingi amesema kweli.

Chukua ua moja la kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Wajerumani katika eneo la Tanga, alikutana na mmea mdogo wenye maua ya rangi ya urujuani, akaupeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliuandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Leo vizazi vyake viko kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, vikiitwa urujuani wa Afrika. Ukimpiga picha huyo wa chunguni, ukafuta dirisha na kuweka weupe, hujapoteza kitu. Chungu si kwao. Lakini jamaa zake wa mwituni bado wako Usambara na kwenye misitu mingine ya milima ya mashariki, wameng'ang'ania miamba yenye unyevu ndani ya uvuli wa miti mikubwa, na baadhi yao wako hatarini kwa sababu misitu hiyo inapungua. Mpiga picha akishuka kutoka Amani na picha ya ua hilo, kisha akaufuta mwamba na kuweka weusi ili ua "litokeze", amefuta usuli kwa maana zake zote mbili. Mwamba ule ulikuwa habari. Ulieleza kwamba mmea huu ni wa mahali penye unyevu na uvuli. Mtu huyo ningemwambia kwa neno moja: umeondoa usuli, urudishe.

Nimetumia "uvuli" hapo juu kwa makusudi. Kivuli kina mwenyewe, kinafuata umbo la kitu kilichoziba jua. Uvuli ni hali ya mahali pasipofikwa na jua. Ua lililokaa uvulini lina nuru laini pande zote. Ua lililoangukiwa na kivuli cha tawi lina mkato mweusi katikati ya petali. Kumwambia mtu "picha ina kivuli" bila kusema ni kipi kati ya hivyo viwili ni kumwacha njiani.

Lakini kubadilisha nyuma si dhambi, wala hakukuanza na kompyuta. Sisi wa Pwani tuna historia yetu katika jambo hili. Kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, palikuwa na wapiga picha waliojenga vibanda vyenye michoro ya meli, ndege, majengo marefu na maua ya kila rangi, wateja wakisimama mbele yake kabla ya kupeleka picha kwa jamaa bara. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, ambaye studio yake ilisifika kwa picha za kuunganisha: sura ya mtu ikaingizwa katika picha nyingine, miaka mingi kabla ya neno pikseli kufika kisiwani. Ni ustadi wa mkono, tena wa hali ya juu, na ningependa vijana wanaohariri picha kwa simu waujue kama urithi wao.

Kilichofanya michoro ya Likoni isiwe uongo ni kwamba kila mtu aliijua. Mteja alijua, mpigaji alijua, na bibi aliyepokea picha kijijini aliona wazi kwamba meli ile ni ya rangi na brashi. Nyuma ile ilikuwa pazia. Nami napendekeza neno hilo liingie katika istilahi zetu: nyuma iliyokuwapo tuiite usuli, nyuma iliyowekwa tuiite pazia. Usuli hukutwa, pazia hutundikwa. Anayeandika chini ya picha "ua la mkadi, pazia la kijivu" amesema kila kitu kwa maneno machache, na hakuna wa kumshuku.

Mabingwa wa kale wa Ulaya walitundika pazia bila haya. Karl Blossfeldt, aliyefundisha sanaa Berlin, alipiga picha matumba, vikonyo na mashina mbele ya karatasi tupu, nyeupe au ya kijivu, akayakuza mpaka yafanane na nguzo na vyuma vya kufua. Alipunguza majani yaliyomsumbua, na negativu zake alizigusa kwa mkono. Kitabu chake Urformen der Kunst kilitoka mwaka 1928, na mpaka leo wanafunzi wa usanifu hukifungua. Hakuna aliyedai kwamba mimea ile iliota kwenye karatasi. Alichotaka ni mistari ya mmea, akaondoa kilichoizuia, na njia yake inaonekana wazi kwenye kila ukurasa.

Ila anayenifikirisha zaidi ni Mwingereza Anna Atkins. Mwaka 1843 alianza kutoa kitabu chake cha mwani, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kupambwa kwa fotografia, na mwaka 1854 yeye na mwenzake Anne Dixon walitengeneza mkusanyo wa mimea itoayo maua na wa mimea ya jamii ya kangaga. Hawakutumia kamera. Walitumia njia aliyoivumbua John Herschel mwaka 1842: karatasi hupakwa chumvi za chuma, mmea hulazwa juu yake, vyote huwekwa juani. Panapofikwa na jua hugeuka bluu nzito baada ya kuoshwa. Palipozibwa na mmea hubaki peupe. Fikiria maana yake. Katika picha zile, iliyopigwa na nuru ni nyuma. Ua lenyewe ni mahali ambapo nuru haikufika, kivuli cheupe. Kama kuna picha ambazo ua limetoka kwa sababu ya kilicho nyuma yake, basi ni hizo.

Sasa tuje kwenye neno ukungu. Baadhi ya programu za Kiswahili hutuambia "tia ukungu" pale zinapotaka kulainisha nyuma ya picha. Naelewa mfasiri alivyofika hapo, na bado silikubali neno hilo. Ukungu tayari una kazi tatu katika maisha ya mpiga picha. Kuna ukungu wa angani: nenda uwanda wa Kitulo, ule ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na ambao ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, uone okidi zikisimama kwenye ukungu wa kweli, ulio nyuma ya ua na mbele yake pia. Kuna ukungu wa pumzi na unyevu unaoshika kioo cha lenzi mtu anapotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kuingia joto la Mombasa. Na kuna ukungu unaoota, ule wa mkate, ambao kwa hali ya hewa ya Pwani huota hata ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini na kuacha nyuzi nyeupe juu ya kioo. Mtu akiniambia "picha yako ina ukungu", nifanye nini? Nimshukuru, nipanguse, au nipeleke lenzi kwa fundi? Tukiongeza wa nne, wa programu, tumelilemea neno.

Dawa iko kwenye vitenzi vyetu. Kitu kinachopoteza nguvu yake polepole hufifia: taa hufifia, sauti hufifia, matumaini hufifia. Nyuma ya ua nayo hufifia, na hilo ndilo hasa lenzi inalolifanya. Kadiri kitu kinavyokaa mbali na eneo la ukali ndivyo kinavyozidi kupoteza mipaka, hatua kwa hatua, jani la karibu kidogo, tawi la mbali zaidi, ukuta wa mbali kabisa. Kisha Kiswahili kinatupa kiambishi kimoja na kila kitu kinageuka: fifisha. Nyuma imefifia, nyuma imefifishwa. Katika la kwanza, kazi ni ya nuru na kioo. Katika la pili kuna mtu, au programu, iliyofanya jambo baadaye. Baadhi ya lugha hulazimika kuongeza maneno ili kutenganisha hayo mawili. Sisi tunatenganisha ndani ya kitenzi kimoja, na ni hasara kuuacha utajiri huo.

Wajapani walifanya hivyohivyo na neno lao. Kwao boke ni hali ya kutawanyika, kutokuwa wazi, neno la kawaida la nyumbani, na wapiga picha wao walilitumia kuzungumzia ladha ya ule mfifio: laini, wenye makelele, wenye viduara. Mwaka 1997 jarida la Marekani la Photo Techniques, chini ya mhariri Mike Johnston, lilichapisha makala kuhusu jambo hilo na kuliandika bokeh ili Wazungu walitamke vizuri. Leo linatajwa duniani kote. Sisemi mfifio utafika Tokyo. Nasema Wajapani hawakusubiri jina kutoka nje kwa kitu walichokuwa wakikiona kila siku.

Tofauti ya kufifia na kufifishwa huonekana zaidi kwenye maua, na sababu yake ni ya kiufundi. Simu zilizoanza kufifisha nyuma kwa hesabu, kama ilivyofanya iPhone 7 Plus mwaka 2016, zilikusudiwa kwanza kwa sura za watu. Simu hukisia kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, kisha hulainisha cha nyuma. Bega la mtu ni rahisi kukisia. Ua la asumini lina kingo nyembamba. Stameni za ua la mkrismasi ni nyuzi zinazopita hewani. Kikonyo huanzia mbele na kuishia nyuma, na kwa lenzi ya kweli kingefifia kadiri kinavyoondoka. Simu mara nyingi hukiacha kikonyo kizima na ukali uleule, au hukikata katikati. Kati ya stameni mbili hubaki kipande cha ukuta ambacho hakikufifishwa. Kando ya petali huzunguka utando wa rangi ya nyuma, mabaki ya ule ukuta uliofutwa. Hizo ndizo alama za ua lililokatwa, na kila moja ina jina lake kwa Kiswahili cha kawaida: ukingo, utando, kipande, mkato.

Wenye kukata vizuri hutumia programu zenye matabaka. Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, ilipata matabaka mwaka 1994, na tangu hapo kuhariri picha kumekuwa ni kupanga kitu juu ya kitu. Neno kuhariri lenyewe limetoka kwa wahariri wa magazeti, nalo ni jina moja na kitambaa cha hariri; kwa Kiarabu yote mawili yana mzizi wenye herufi zilezile, pamoja na neno huru. Karibu nalo kuna vitenzi vingine ambavyo watu huvitumia kwa kasi: kurembesha, kuchezea, kuchakachua, kughushi. Mpaka kati ya kuhariri na kughushi hauko kwenye kiasi cha kazi iliyofanyika. Uko kwenye kile mtazamaji anachoambiwa. Mashindano ya Wildlife Photographer of the Year, yanayoendeshwa na makumbusho ya Natural History Museum ya London, hayaruhusu kuongeza wala kuondoa kitu kwenye picha, kwa sababu mtazamaji wake anaahidiwa asili. Kadi ya harusi haijamwahidi mtu hivyo.

Kuna istilahi moja ya wahariri ambayo kwa muda mrefu imetafsiriwa kwa jina la kitu cha kuvaa usoni: barakoa, au kinyago. Ni lile tabaka lisiloonekana linaloamua kipi kifichwe na kipi kiachwe. Ukilipaka nyeusi linaficha, ukilipaka nyeupe linafichua. Barakoa haifanyi hivyo, na tangu korona neno hilo lina kazi nyingine nzito. Mafundi rangi wa magari wana neno la siku nyingi kwa kazi ya namna hiyo. Kabla ya kupuliza rangi hufunika vioo na taa kwa magazeti na gundi, na wao husema wanaziba. Ziba, na kinyume chake, kwa kiambishi kilekile cha funga na fungua: zibua. Paka nyeusi, umeziba. Paka nyeupe, umezibua. Sioni tunachokosa.

Rangi nisizikalie sana, ila nyekundu inastahili aya yake. Kamera nyingi za kidijitali zinaona kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976: nusu ya vijicho vya kihisi hupokea kijani, robo nyekundu, robo bluu. Ua jekundu juani hujaza ile robo mpaka juu huku nyingine zikiwa karibu tupu, na kamera, ikipima wastani wa vyote, hudhani mambo ni sawa. Matokeo ni wekundu usio na mishipa wala mikunjo. Watu husema "imeungua", lakini kuungua ni kwa weupe, pale kila kitu kilipopotea katika nuru. Hapa bora tuseme wekundu umefurika. Na kukolea ni kitu cha tatu: rangi iliyokolea ni nzito na nzuri, kama tusemavyo kuhusu chumvi na hata mapenzi, mradi haijafurika.

Ningependa basi kuona mrejesho unaoandikwa hivi, kwa kijana aliyeleta ua la mkrismasi:

"Mdogo wangu, nimelipokea ua lako. Petali nne nyekundu, na ile ya tano yenye weupe na madoa iko juu kushoto; vizuri umeiweka hapo, ndiko jicho linakoanzia. Ukali uko kwenye stameni, nami naukubali. Wekundu umefurika kwenye petali mbili za kulia, mishipa imepotea. Hilo huwezi kulirudisha kwa kuhariri, kwa hiyo ukipiga tena punguza nuru kidogo kwenye kamera. Nyuma umeififisha, haikufifia. Nimelijua kwa kikonyo: kina ukali kuanzia juu hadi chini. Tena kati ya stameni ya tatu na ya nne kuna kipande cha bati ulichosahau kuziba, na kando ya petali ya chini umeziba mno, ukingo wake umeliwa. Zibua hapo kwa brashi ndogo. Kama lile pazia la bluu ulilotundika ndilo unalolitaka, libakize, ila sema kwamba ni pazia. Mimi lakini naona kwenye kona ya picha, juu, umeacha bila kukusudia majani ya mti wenyewe, yale madogo madogo yaliyopangika, nayo ni mazuri kuliko bluu. Usuli wako ulikuwa tayari una kazi. Rudi kwenye mti huo asubuhi jua likiwa bado upande wa barabara, simama pale mlangoni kwa fundi baiskeli ili bati litoke nyuma ya ua, fungua tundu mpaka f/4, uache majani yafifie yenyewe. Kisha nitumie zote mbili, hii na hiyo mpya."